Kabla ya Kupiga Windows Upya: Kompyuta Inayoanzia Diski Isiyo Yake

Unawasha kompyuta asubuhi, na badala ya picha uliyoizoea unakuta skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa maandishi meupe: «No bootable device», au «Reboot and select proper boot device». Kwa Kiswahili chepesi inasema: sijaona diski ya kuanzia. Wengine mashine huwaka vizuri lakini ikafungua Windows ya zamani, na kazi za wiki iliyopita hazionekani. Wengine huletewa ukurasa wa kuweka Windows mpya ambao hawakuuomba. Mara nyingi mambo haya matatu yana chanzo kimoja: kompyuta imeanzia diski isiyo yake. Mafaili yako kwa kawaida yapo palepale ulipoyaacha.

Kwa nini inakosea? Kwenye ubao mkuu wa ndani ya kompyuta kuna programu ndogo inayoamka kabla ya Windows. Mafundi huiita BIOS, na kwenye mashine za miaka ya karibuni jina lake ni UEFI. Programu hiyo ina orodha ya mahali pa kutafutia Windows: diski ya ndani, flashi, CD, hata mtandao. Huanza na aliye juu, akikosekana huenda kwa anayefuata. Orodha hiyo ikivurugika, kompyuta hubisha hodi nyumba isiyo yake.

Anza na jambo lisilogharimu hata senti. Zima kompyuta, chomoa flashi, kadi ya kumbukumbu, diski ya nje na waya wa simu unayoichaji hapo, kisha washa tena. Ikiwa imekuletea ukurasa wa kuweka Windows, usibonyeze kitufe chochote cha kuendelea, maana ukurasa huo unaweza kufuta diski nzima. Karibu kila mara ni flashi ya fundi iliyosahaulika nyuma ya mashine. Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanaweka Windows mpya, na flashi za namna hiyo zimejaa mikononi mwa watu.

Kama bado, ielekeze kompyuta wewe mwenyewe. Mara tu unapoiwasha, kabla alama ya kampuni haijatoweka, gonga kitufe cha menyu mfululizo. Kwa Dell na Lenovo ni F12. Kwa HP gonga Esc, kisha F9. Kwa laptopu za Asus ni Esc. Kwenye laptopu nyingine itabidi ushikilie pia kitufe cha Fn. Itatokea orodha fupi ya majina. Chagua kwa mishale mstari wenye maneno «Windows Boot Manager», au wenye jina la diski yako, kisha gonga Enter. Windows yako ikifunguka, umeshajua kwamba diski ni nzima, na kwamba hakuna haja ya mtu kukupigia Windows upya.

Njia hiyo ni ya safari moja tu. Ili ikae, ingia ndani ya BIOS yenyewe: F2 kwa Dell, Acer na Asus, F10 kwa HP, F1 au F2 kwa Lenovo, na Delete kwa mashine nyingi za kuunganishwa. Kompyuta ikiwaka kwa kasi mno usiwahi kitufe, na Windows inafunguka, shikilia Shift huku unabonyeza Restart. Kwenye ukurasa wa bluu chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, halafu UEFI Firmware Settings. Ukifika ndani tafuta sehemu yenye neno Boot, upandishe diski yako juu ya orodha. Maelezo ya vitufe vya kupandishia huandikwa pembeni au chini ya skrini. Maliza kwa kuhifadhi, ambako kwa kawaida ni F10. Yasiyokuhusu usiyaguse. Hata umeme ukikatika katikati ya kazi hii, hasara ni kurudia tu. Kinachoogopwa umeme ukikatika ni kusasisha BIOS, na hapa hatusasishi.

Tahadhari moja kabla hujaingia humo. Kwenye baadhi ya kompyuta diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows, na mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya iombe ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ifungue akaunti kwa simu, uandike ufunguo kwenye daftari, ndipo uendelee. Kompyuta ya ofisi au ya shule, muulize kwanza anayeisimamia.

Sasa, umerekebisha leo, na kesho imerudi vilevile. Tazama saa iliyo pembeni ya skrini. Ikiwa inaonyesha mwaka wa zamani, na tovuti nazo zinakataa kufunguka zikidai si salama, betri ndogo ya ubao mkuu imeisha. Hiyo ndiyo inayotunza saa, na kwenye mashine nyingi za zamani hutunza pia orodha yetu, wakati kompyuta haina umeme kabisa. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani, betri hiyo hupumzika hata mashine ikiwa imezimwa. Lakini huku kwetu, Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, mwenye busara huchomoa kila kitu usiku kwa kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ni desturi nzuri, iendelee. Ila ujue kwamba kwa desturi hiyo betri inafanya kazi kila usiku, na kama mashine ni ya mtumba kutoka Kariakoo, huenda betri hiyo ni ya tangu kiwandani.

Betri yenyewe ni duara bapa la rangi ya fedha, la volti 3, lililoandikwa CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Usikubali CR2025 wala CR2016, upana ni uleule lakini ni nyembamba na hazitashika vizuri. Uliza kwa mafundi saa, kwenye maduka ya simu na vifaa vya kompyuta, au wanakouza betri za rimoti za magari. Ni kitu cha elfu chache. Nauli ya kuifuata Dar es Salaam inazidi bei yake mara nyingi.

Kuibadilisha kwenye kompyuta ya mezani: chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu, shika chuma cha kasha ili mwili utoe umeme wake, kisha sukuma kijilimi pembeni mwa betri. Itaruka yenyewe. Kabla ya kuweka mpya, tazama kitako betri inapokaa, maana upepo wa bahari una chumvi na huleta kutu. Futa kwa kitambaa kikavu, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, halafu ingia BIOS urekebishe tarehe na orodha. Betri ya zamani ifiche mbali na watoto. Mtoto akiimeza inaunguza koo ndani ya muda mfupi, kwa hiyo mkimbize hospitali bila kusubiri. Laptopu nyingi zinahitaji kufunguliwa mgongo mzima, hiyo mwachie fundi.

Waliofungiwa diski mpya ya SSD huku ya zamani ikiachwa ndani wana shida yao. Zote mbili zina Windows, na kompyuta inang'ang'ania ile ya kale. Panga orodha kama nilivyoeleza, lakini usiifute ya zamani kwanza. Wakati mwingine mafaili ya kuanzishia Windows yamebaki humo. Zima, chomoa waya wa diski ya zamani, washa. Ikiwaka vizuri kwa diski mpya peke yake, sasa unaweza kuirudisha ya zamani, kunakili vitu vyako na kuifuta.

Ikiwa diski haionekani kabisa kwenye orodha, tatizo si mpangilio tena. Huenda waya umelegea, huenda diski imekufa. Ukisikia inagonga tik-tik, acha kuiwasha, kila jaribio linaweza kupunguza kinachookoleka.

Hapo ndipo pa kwenda kwa fundi, na wa karibu ni bora kuliko kuifunga kwenye boksi na kuipakia basi la Dar es Salaam. Barabara hiyo tunaijua, Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Mwambie fundi ulichoona na ulichojaribu. Akisema ipigwe Windows, muulize kwanza kama diski inaonekana kwenye BIOS na kama mafaili yatanakiliwa kabla, na mkubaliane bei kabla hajashika bisibisi. Kazi ikiisha izimeni mbele yako, chomoeni waya ukutani kwa dakika tano, muiwashe tena. Saa ikiwa sahihi na Windows yako ikafunguka bila kugonga kitufe, lipa.