Vitufe vya mwanga vimegoma

Swali: Laptopu niliyonunua mtumba huku Buzwagi nimeiwekea Linux. Nikibonyeza Fn na kitufe cha mwanga, kimya. Kibodi imekufa?

Jibu: Haijafa, ndugu yangu. Kwa kawaida Fn hushughulikiwa na chipu ndani ya laptopu, nayo hutuma namba ambayo huenda draiva haiitambui. Bonyeza kitufe, kisha andika sudo dmesg. Ukiona onyo linalotaja setkeycodes na namba, tuseme e06e, andika: sudo setkeycodes e06e 225. Hapo 225 ni kuongeza mwanga, 224 kupunguza. Ukizima mashine, mpangilio hupotea. Wa kudumu uandike kwenye faili ndani ya /etc/udev/hwdb.d. Mwanga ukipanda bila kukoma, draiva haijapata taarifa kwamba umeachia kitufe: katika faili hilo, tanguliza ! kwenye jina la kitufe hicho.