Kinga ya Mwili na Homa ya Malaria: Jawabu kwa Ndugu wa Kuruwitu



Katika darasa letu la baada ya magharibi alisimama ndugu mmoja mwenyeji wa Kuruwitu, ambaye kwa miaka kumi na minne amekuwa Ghuba kwa kazi, akatutolea suala ambalo hatukupenda kulijibu kwa haraka. Alikuja likizo wakati wa masika, yeye na mkewe na kijana wao wa miaka saba aliyezaliwa huko huko ugenini. Wakashukia nyumba ya wazee, na kijana akalala chumba kimoja na watoto wa ami yake. Siku ya kumi na mbili kijana akashikwa na homa, na usiku wake likampata dege. Akakimbizwa hospitali, na alhamdulillahi akapona. Asubuhi ile watoto wa ami yake walikuwa uwanjani wakicheza mpira. Baada ya siku tatu baba naye akaanza kutetemeka.

"Maalim," akatuuliza, "mbu ni wale wale, na damu ni ya babu mmoja. Mbona tumeumwa sisi tu? Mamangu asema ni kijicho, kwa sababu ya mizigo tuliyokuja nayo."

Khabari ya kijicho tuliiacha usiku ule, na leo twaiacha vile vile. Suala lenyewe ni zito, na jawabu lake limo ndani ya miili yetu.

Mwili wa binadamu una ngome zaidi ya moja. Ngozi ni ukuta wa nje. Makamasi, mate na tindikali ya tumbo ni walinzi wa milangoni. Adui akipenya, hukutana na chembe nyeupe za damu, ambazo baadhi yake humeza kila kigeni bila ya kumwuliza jina. Lakini iko jamii nyingine ya chembe nyeupe ambayo kazi yake ni kujua sura. Hizi humsoma adui, kisha hutoa kingamwili, navyo ni vitu vidogo mno vinavyomganda adui yule mmoja na visimgande mwingine. Kazi hii huchukua siku kadha wa kadha, na ndiyo sababu anayepatwa mara ya kwanza huteseka zaidi. Vita vikiisha, baadhi ya chembe hizo hubaki kwa miaka mingi zimeihifadhi sura ile, hata adui akirudi akute jeshi limekwisha kujipanga.

Wazee wetu waliyajua haya kwa kuona, walipokuwa wakisema kwamba aliyeugua surua haugui tena. Na ndui ilikuwa hivyo hivyo. Chanjo si kitu illa kuufundisha mwili sura ya adui kabla ya vita, na kovu la chanjo ya ndui lingalipo mikononi mwa wengi wa wazee wetu. Mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa wa pwani hii hii ya Afrika ya Mashariki: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alipona, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetoweka ulimwenguni. Bwana huyu baadaye alijitolea kuwashawishi watu wakubali chanjo ya polio, na katika kazi hiyo, Julai 2013, akafa. Hakuuawa na ndui wala polio. Aliuawa na malaria.

Kwa nini basi mwili unaoikumbuka ndui au surua umri mzima ushindwe kuikumbuka malaria? Ni kwa sababu surua ina sura moja, na mdudu wa malaria ana kanzu nyingi. Akitiwa mwilini na mbu, hukimbilia kwanza katika ini, akakaa humo kama wiki moja bila ya mtu kuhisi kitu. Kisha hutoka kwa maelfu na kuingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Humo huvika ngozi ya chembe ile alama yake, ili chembe inate katika mishipa midogo na isipite katika bandama, ambayo ndiyo chujio la damu. Alama hiyo ndiyo kanzu yake, na kila mdudu amerithi namna kama 60 za kanzu. Kingamwili vikiijua moja, wako watakaovaa nyingine. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 1998 uchunguzi wao juu ya watoto wa huku: mtoto huugua kwa ile kanzu ambayo damu yake haijapata kuiona. Watoto wa ami, basi, wameumwa mara nyingi tangu uchanga, na kila homa imewafundisha kanzu moja au mbili. Kijana mgeni hakuijua hata moja.

Lakini asidhani mtu kwamba elimu hii hupatikana bure. Mtoto mchanga hukaa miezi yake ya mwanzo katika hifadhi ya kingamwili alivyopewa na mamake tumboni. Vikimwishia, huwa uwanjani peke yake, na miaka mitano ya mwanzo ndiyo yenye makaburi mengi. Anayevuka hupata kwanza kinga ya kutouawa, kisha, baada ya miaka, kinga ya kutougua sana. Kinga kamili hapati. Hata mwanamke mzima, akibeba mimba ya kwanza, mdudu hupata kanzu mpya ya kunatia katika kondo la nyuma, naye huwa kama mgeni tena.

Na neno la "damu ya babu mmoja" lina ukweli wake, tusilikatae. Ziko kinga za kuzaliwa. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa kadiri ya 90 katika 100, ingawa anayeirithi kwa wazazi wote wawili hupatwa na maradhi mazito. Na Kilifi yaonekana sana aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo hukaza ngozi ya chembe nyekundu hata mdudu akashindwa kuingia. Lakini ndugu wawili wa baba mmoja huenda mmoja akarithi na mwingine asirithi. Nasaba si cheti.

Ama baba mwenyewe, aliyekulia Kuruwitu, kosa lake ni kudhani kwamba kinga aliyoiacha ataikuta. Kinga ya malaria hudumishwa kwa kukutana na mdudu; mtu akikaa mbali miaka mingi hupungua. Wala jambo hili si la wasafiri peke yao. Watoto wa Kilifi waliolazwa kwa malaria walipungua kutoka kama 18 katika kila 1,000 mwaka 2003 hata kama 3 mwaka 2007, na hiyo ni neema kubwa. Lakini umri wa wanaolazwa ukapanda, kwa kuwa mtoto mkubwa naye hajajifunza.

Chanjo imepatikana. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza ya kwanza, RTS,S, Oktoba 2021, na ya pili, R21, Oktoba 2023, na zote mbili zilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi pamoja na wa mahali pengine. Humkabili mdudu kabla hajaingia katika ini. Watoto wa Kilifi waliochanjwa katika majaribio yaliyoanza mwaka 2007 walifuatiliwa miaka saba, ikaonekana kinga yashuka mwaka hata mwaka. Kwa sababu kinga hushuka, huongezwa sindano ya nne. Ni chanjo ya watoto wadogo, haikumhusu kijana wetu wa miaka saba.

Ndugu yule alituuliza la mwisho: "Homa hii moja, je, imetutosha?" Haikuwatosha. Imewafundisha kanzu chache, na wakirudi Ghuba miaka miwili hata hizo zitafifia. Safari ijayo wamwone daktari kabla ya kupanda ndege, awape vidonge vya kujikinga. Walale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Na homa ikija wapimwe damu siku ile ile, hata kama watoto wa ami wako uwanjani wanacheza.