SOMO LA UFUGAJI: Tulichunguze Gole la Kuku

Wengi wetu tunafuga kuku wa kienyeji. Kuku hawa ni akiba ya nyumbani. Mtoto akihitaji madaftari, tunauza jogoo. Mgeni akifika, tunachinja. Hebu tupige hesabu ndogo. Mtetea akitaga mara 3 kwa mwaka, na kila mara mayai 12, ametupatia mayai 36. Akifa kwa ugonjwa ambao tungeweza kuutibu, tumempoteza yeye na mayai yake pia.

Leo tutajifunza juu ya matatizo ya gole.

GOLE NI NINI?

Kuku hana meno. Akidonoa chakula hukimeza kizima. Chakula hicho hukaa kwanza katika kifuko kilichopo chini ya shingo, mbele ya kifua, upande wake wa kulia. Kifuko hiki ndicho gole. Humo chakula hulowa na kulainika. Kisha hushuka tumboni kidogo kidogo, mpaka kwenye firigisi. Firigisi ndiyo inayosaga, kwa msaada wa vijiwe ambavyo kuku amevimeza.

Jioni, kuku mzima huwa na gole lililojaa. Usiku chakula hushuka. Kwa hiyo asubuhi, kabla hajala, gole lake huwa tupu. Tukilikumbuka jambo hili moja, tumekwisha elewa nusu ya somo.

NAMNA YA KUCHUNGUZA

1. Ukimwona kuku amezubaa, hataki kula, au ananyosha shingo mara kwa mara, mkamate jioni. Papasa gole lake polepole.
2. Mfungie peke yake usiku kucha. Usimpe chakula. Maji mpe.
3. Asubuhi papasa tena. Likiwa tupu, gole halijaziba. Tafuta ugonjwa mwingine. Likiwa bado limejaa, endelea kusoma.

DALILI NA TIBA

Gole gumu. Ukilishika ni kama donge la ugali uliopoa. Limeziba. Mara nyingi kuku amemeza majani marefu makavu, nyuzi za katani, vipande vya nguo au mifuko ya plastiki. Pengine alishinda na njaa, kisha akala nafaka nyingi kwa mara moja.

Mtenge. Usimpe chakula kwa siku 1, ila maji safi yasikosekane. Mpe matone machache ya mafuta ya kula, tone kwa tone, pembeni mwa mdomo. Halafu sugua gole kwa vidole, ukizungusha taratibu bila kubana. Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku. Likianza kulainika na kupungua, mpe chakula laini kidogo kidogo, kama vile uji mzito uliopoa. Zikipita siku 2 bila nafuu, mwone bwana mifugo au bibi mifugo. Yeye anaweza kulipasua gole, akatoa uchafu na kulishona. Sisi tusijaribu kupasua kwa wembe.

Gole la majimaji. Hili ni laini kama mfuko wa maji, na mdomo wa kuku hutoa harufu ya kuchacha. Chakula kimelala humo kikachacha, na kuvu wameota. Pengine utaona utando mweupe mdomoni.

Mtenge, mnyime chakula kwa siku 1, mpe maji safi. Usilikamue gole hili. Kisha mwone mtaalamu akupe dawa ya kuvu. Usinunue tu dawa ya kuua bakteria ukampa. Dawa hiyo haiui kuvu, na inaweza kuwazidisha.

Gole linaloning'inia. Misuli yake imelegea, nalo linayumba kuku akitembea. Halirudi upesi kama zamani. Mpe chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

ANGALIA! Watu wengine humning'iniza kuku kichwa chini ili atapike. Wengine humshindilia maji kwa nguvu. Ni hatari. Maji yakiingia katika njia ya hewa, kuku atakufa mikononi mwako.

TUSIKOSEE KIDERI

Kuku mwenye kideri naye anaweza kuwa na gole lenye majimaji. Tutatofautishaje? Tazama kundi zima. Ikiwa kuku mmoja tu kati ya 10 anaumwa, na wenzake wanachakura kama kawaida, yaelekea ni gole. Lakini wakiumwa 4 kwa siku 2, wanaharisha kijani, wanahema kwa shida au wanapinda shingo, basi shuku kideri, na usipoteze muda kusugua gole. Toa habari upesi.

Kideri hakina tiba, kina chanjo tu. Hapa ndipo penye mtihani. Mtu akiona kuku wameanza kuumwa, hukimbilia kuwauza gulioni kabla hawajafa. Atapata fedha kidogo, lakini amepeleka kideri kwa jirani, na banda la jirani litamalizika. Kesho jirani naye atauza, ugonjwa urudi kwetu. Tusiuze kuku wagonjwa. Waliokufa tuwachome moto au tuwafukie katika shimo refu.

KINGA

- Okota nyuzi, nguo kuukuu na plastiki uani.
- Wape kuku changarawe ndogo, hasa wanaofungiwa.
- Katakata majani kabla ya kuwapa.
- Osha vyombo vya maji kila siku. Usiwape chakula kilichoota ukungu.
- Chanja kideri kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo, hata kama kuku wote ni wazima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunapapasa gole asubuhi kabla kuku hajala?
2. Gole gumu na gole la majimaji yanatofautianaje?
3. Jirani anataka kuuza kuku wake wanaoharisha kijani, maana ada ya mtoto imefika. Tutamshauri nini, na kijiji kimsaidieje?

Leo jioni, kabla ya kufunga banda, shika kuku mmoja mzima upapase gole lake. Kesho asubuhi lipapase tena. Mkono ukilizoea gole zima, utalitambua lenye ugonjwa.