Kubainisha Umri wa Kalamu ya Wino: Somo kwa Mtafiti wa Miswada

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena: usione vyaelea, vimeundwa. Kila kilichoundwa kina mahali na wakati wa kuundwa kwake, na mara nyingi huchukua alama za wakati huo mwilini mwake. Makala haya yanaeleza namna ya kukadiria umri wa kalamu ya wino ya kale, yaani ile yenye nibu na hazina ya wino ndani yake. Aidha, yanaonyesha kwa nini maarifa haya yanamhusu mwanafunzi wa Kiswahili anayekusanya miswada nyanjani.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mwanafunzi amekabidhiwa na familia fulani daftari la tenzi pamoja na kalamu. Wazee wanamweleza kwamba marehemu babu yao alitunga tenzi hizo mwaka 1936, na kwamba aliziandika kwa kalamu hiyohiyo. Mwanafunzi anakusudia kuandika katika tasnifu yake: "mswada wa mwaka 1936". Je, ana haki ya kuandika hivyo? Tarehe ikikosewa, mtunzi atawekwa mahali pasipo pake katika historia ya fasihi, na watafiti watakaofuata watajenga juu ya msingi mbovu.

Mipaka miwili ya wakati

Umri wa kifaa hukadiriwa kwa kutafuta mipaka miwili: wakati ambao kifaa hakikuweza kuwapo kabla yake, na wakati ambao hakikuundwa tena baada yake. Mwanafunzi wa fasihi tayari anaijua mbinu hii. Utenzi unaotaja shilingi kama sarafu ya Kenya hauwezi kuwa wa mwaka 1910, kwa sababu wakati huo watu walitumia rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1921. Vivyo hivyo, kila sehemu ya kalamu husema neno lake kuhusu wakati.

Ushahidi wa mali na utaratibu wa kujaza wino

Lewis Waterman alipata hataza ya kalamu yake nchini Marekani mwaka 1884. Kalamu nyingi za miongo iliyofuata zilitengenezwa kwa mpira mgumu mweusi, ambao hugeuka rangi ya kahawia ukikaa juani au majini. Katika miaka ya 1920 plastiki ya seluloidi ilienea. Kampuni ya Parker, kwa mfano, iliitoa kalamu ya Duofold mwaka 1921 ikiwa ya mpira mgumu, na kuanzia mwaka 1926 ikaitengeneza kwa plastiki.

Namna ya kujaza wino nayo ina historia yake. Kalamu za mwanzo zilijazwa kwa kitoneshi. Walter Sheaffer alipata hataza ya kalamu yenye wenzo ubavuni mwaka 1908. Wenzo huo ulikibana kifuko cha mpira kilichokuwa ndani, na ulipoachiwa kifuko kilivuta wino. Mwaka 1933 Parker ilitoa Vacumatic, kalamu inayojazwa kwa kubonyeza kitufe kirefu kilichofichwa chini ya kizibo cha nyuma. Kisha mwaka 1948 Parker 51 ikapewa utaratibu mwingine: kifuko cha plastiki ndani ya ala ya chuma, kinachobonyezwa kwa vidole.

Kusoma msimbo wa tarehe

Kuanzia miaka ya 1930, Parker iligonga msimbo wa tarehe kwenye kalamu zake nyingi. Katika kalamu za miaka ya 1940 tarakimu moja huonyesha mwaka, na vitone vilivyo kando yake huonyesha robo ya mwaka. Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba vitone havikuongezeka bali vilipungua: vitatu ni robo ya kwanza, viwili ya pili, kimoja ya tatu, na robo ya nne haina kitone. Sababu yake ni ya kiwandani: ni rahisi kuondoa kitone kwenye chuma cha kugongea kuliko kukiongeza.

Ugumu wa tarakimu moja ni kwamba hurudi kila baada ya miaka kumi. Tarakimu 1 yaweza kuwa 1941 au 1951. Hapa ndipo ushahidi mwingine unapohitajika. Parker 51 yenye kitufe cha kubonyeza na tarakimu 1 ni ya 1941, kwa kuwa kufikia 1951 utaratibu wa kitufe ulikuwa umeachwa katika kalamu za aina hiyo. Ikiwa na tarakimu 8 ni ya 1948, kwa maana mwaka 1938 Parker 51 haikuwa imeanza kuuzwa.

Uchunguzi wa mfano

Kalamu ya familia ile ina nibu iliyofunikwa hadi ncha tu ndiyo inayoonekana. Hiyo ni sifa bainifu ya Parker 51, iliyoingia katika soko la Marekani mwaka 1941. Mpaka wa chini umepatikana. Kizibo cha nyuma kinapofunguliwa kwa upole, kitufe cha plastiki kinaonekana. Katika kalamu za mwanzo kabisa kitufe hicho kilikuwa cha aluminiamu. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, madini hayo yalihitajika kwa ndege na silaha, na plastiki ikachukua nafasi yake. Hatimaye, chini ya kioo cha kukuzia na mwanga unaotoka ubavuni, inasomeka baada ya maneno "MADE IN U.S.A." tarakimu 4 yenye vitone viwili. Ushahidi wote unakubaliana: mwili wa kalamu ulitengenezwa katika robo ya pili ya mwaka 1944.

Ni dhahiri basi kwamba kalamu hii haikuandika chochote mwaka 1936. Hata hivyo, mwanafunzi asiharakishe kuwaita wazee waongo. Kumbukumbu ya familia huweza kuunganisha mambo mawili ya kweli yaliyotokea nyakati tofauti. Huenda babu alitunga mwaka 1936 akanakili tenzi zake miaka mingi baadaye, au kalamu ya kwanza ilipotea na hii ikarithi sifa yake. Utunzi, unakili na kalamu ni mambo matatu, na kila moja lina tarehe yake.

Tahadhari

Kwanza, kalamu huweza kuwa na umri zaidi ya mmoja. Kifuniko hubadilishwa kwa urahisi, na nibu iliyovunjika huwekewa nyingine. Msimbo wa mwili hauthibitishi umri wa kifuniko.

Pili, tarehe ya kutengenezwa si tarehe ya kuandikwa. Kalamu ya 1944 yaweza kuandika mwaka 1970. Hutoa mpaka wa chini pekee, tena ikiwa tu imethibitishwa kwamba ndiyo iliyotumika. Ukurasa wenyewe uchunguzwe: kalamu ya kijigololi huacha wino mzito na mfuo kwenye karatasi, ilhali nibu huacha wino ulionywewa na karatasi. Kalamu za kijigololi zilianza kuuzwa New York Oktoba 1945, kwa hiyo daftari lililoandikwa kwa hizo haliwezi kuwa la 1936.

Tatu, kifaa kisiharibiwe. Kalamu isisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha, kwani maandishi ya kiwandani hufutika. Isilowekwe katika maji moto, kitufe kilichokwama kisilazimishwe, na mabaki ya wino yasioshwe kabla ya kuandikwa katika kumbukumbu za utafiti.

Hitimisho

Mwanafunzi wa mfano huu hana haki ya kuandika "mswada wa mwaka 1936". Anachoweza kuandika ni kwamba, kwa mujibu wa familia, tenzi zilitungwa mwaka 1936. Kwamba kalamu iliyohifadhiwa pamoja nazo ilitengenezwa mwaka 1944. Na kwamba nakala iliyopo, ikiwa iliandikwa kwa kalamu hiyo, haitangulii mwaka huo. Sentensi hiyo ni ndefu na haina mvuto wa ile ya kwanza, lakini inaitunza kauli ya wazee bila kuipuuza, na inaitunza kweli bila kuitia chumvi. Kazi inayosalia ni kulirudia daftari lenyewe na kupima karatasi yake, tahajia yake na msamiati wake.