Unataka Nani Afanye Nini? Darsa Kuhusu Kuwauliza Viongozi



Swali langu la kwanza mbele ya viongozi lilichukua dakika nne, na halikuwa swali. Ilikuwa Jumanne alasiri, kwenye inteko y'abaturage ya mtaa niliokuwa nimepanga mwaka wangu wa kwanza chuoni. (Mtaa wenyewe siutaji, kwa sababu darsa hii si mashtaka.) Wiki iliyotangulia dada mmoja wa jumuiya yetu alikuwa akirudi kutoka darsani baada ya Isha. Njia haikuwa na taa. Akatumbukia kwenye mtaro usio na kifuniko, akavunjika mkono wa kulia, na mitihani ilikuwa mlangoni. Mimi nikasimama kwenye mkutano nimejaa hasira. Nilisema juu ya mtaro, juu ya taa, juu ya uzembe, juu ya vijana kutosikilizwa, na nikamalizia kwa aya. Mzee aliyekuwa akiongoza mkutano alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, unataka nani afanye nini?"

Sikuwa na jibu. Watu wakacheka kidogo, wala si kwa ubaya, na maikrofoni ikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa na swali la mutuelle. Swali lake lilikuwa la sentensi mbili, na akajibiwa palepale.

Sasa ninaishi Niboye, na haya ninayoyaandika niliyasomesha kwanza kwa wenzangu wa hapa, Jumamosi moja baada ya umuganda. Nimeyaongeza kidogo kwa sababu maswali yao yalikuwa bora kuliko maelezo yangu.

Tuanze na "nani". Wengi wetu tunamjua mkuu wa mudugudu na tunamjua waziri kwa kumwona kwenye televisheni, na katikati hapo ni ukungu. Niboye ni mmoja kati ya mirenge kumi ya Kicukiro, nayo ina tugari tatu: Gatare, Niboye na Nyakabanda. Kila akagari lina baraza lake, yaani Njyanama, na umurenge una Njyanama yake. Wajumbe wa mabaraza haya ndio ambao ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wangewaita madiwani, ingawa mamlaka yao hayalingani. Waliingia kwa uchaguzi wa mwishoni mwa 2021, ule ulioahirishwa kwa sababu ya Korona, ambapo kwenye vijiji watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Gitifu, yaani katibu mtendaji wa umurenge, hakuchaguliwa kwa mstari. Yeye ni mtumishi wa serikali. Ukielewa tofauti hiyo umeelewa nusu ya darsa: yule mwenye kazi ya kutenda ni mmoja, na yule mwenye kazi ya kumuuliza mtendaji ni mwingine, na mwanafunzi anayempigia kelele gitifu bila kumtafuta mjumbe wa Njyanama ameacha wakili wake mlangoni.

Ukipanda ngazi, Kigali ina jambo lake la peke yake. Kwingineko nchini wilaya ina Njyanama yake. Hapa jijini, sheria ya 2019 iliziondolea Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge uhai wa kisheria wa kujitegemea, na mabaraza ya wilaya hizo yakaondoka nao. Kutoka umurenge, baraza linalofuata ni Njyanama ya Jiji, yenye wajumbe 11: sita wanachaguliwa, wawili kwa kila wilaya, na watano wanateuliwa. Watu kumi na mmoja kwa jiji zima! Sisemi ni wachache mno, maana jiji linalopanga barabara zake kwa mkono mmoja lina faida yake na sote tunaiona. Nasema tu kwamba swali linalotoka Nyakabanda likitaka kufika pale lazima liwe limekunjwa vizuri, kwa sababu nafasi ni ndogo.

Halafu kuna mambo ambayo wala jiji halina ufunguo wake. Mutuelle, tangu 2015, iko mikononi mwa RSSB. Maji ni WASAC. Umeme ni REG. Sera ya shule iko MINEDUC. Yule mama aliyepokea maikrofoni yangu alijua hilo. Aliuliza tu ni nani wa RSSB atakayekuja kijijini kurekebisha majina ya watoto wake, na lini.

Basi je, mjumbe wa baraza la chini anaweza kumfikia waziri? Hapa ndipo nchi yetu ina jambo ambalo wanafunzi wengi hulitazama kama sherehe ya televisheni. Katiba ya 2003 ilipoanzisha Umushyikirano iliutengeneza hivi: Rais wa Jamhuri pamoja na wawakilishi watano kutoka baraza la kila wilaya na mji, waliochaguliwa na wajumbe wenzao, na mawaziri na wabunge wanahudhuria. Soma tena. Kiini cha mkutano, kwa maandishi yale ya mwanzo, kilikuwa wajumbe wa mabaraza ya mitaa, na mawaziri waliitwa kuhudhuria. Mada zake zilitajwa pia: hali ya taifa, hali ya serikali za mitaa, umoja wa Wanyarwanda. Maazimio hupelekwa kwa taasisi zinazohusika ili huduma kwa wananchi ziwe bora. Baadaye mlango ukapanuliwa, wananchi wakawa wanapiga simu na kutuma ujumbe kutoka vijijini huku redio na televisheni zikirusha moja kwa moja. Mkutano wa 17 ulikuwa Desemba 2019. Korona ikakata mfululizo, wa 18 ukaja Februari 2023, na wa 19 Januari 2024.

Mimi huupenda Umushyikirano kwa sababu moja: waziri hajibu kwa karatasi, anajibu uso kwa uso na nchi nzima inasikia. Lakini niseme na upande wa pili. Kila mwaka linakuja swali la mtu mmoja, kiwanja chake kimoja, karatasi yake moja, na mtu huyo amefika mbele ya Rais kwa jambo ambalo lingeweza kumalizwa kwenye akagari. Tunampigia makofi, na tunapaswa. Ila makofi hayo yanaficha ngazi tatu au nne ambazo swali lilipita bila kujibiwa. Siku mbili kwa mwaka haziwezi kubeba kazi ya Jumanne hamsini.

Wenzetu wana njia zao. Kenya, tangu Katiba ya 2010, wawakilishi wa wadi katika kaunti 47 wana mamlaka ya kuwaita mawaziri wa kaunti na kuwahoji kuhusu zahanati, masoko na barabara. Uingereza, sheria ya 2000 iliwaletea mabaraza ya mitaa kamati kuu zinazofanana na baraza dogo la mawaziri, mmoja ana bustani na maktaba, mwingine ana malezi ya watoto, na madiwani wengine huwauliza kwenye kikao. Tanzania, bungeni, kuna kitu kizuri kinachoitwa swali la nyongeza. Mbunge anauliza swali la msingi, waziri anasoma jibu lililoandaliwa wizarani, kisha yule yule mbunge anaruhusiwa kuuliza tena kutokana na jibu alilopewa. Hapo ndipo waziri anaposhikwa, kwa sababu jibu la pili hakuliandikiwa. Kumbuka neno hilo, swali la nyongeza, tutalihitaji.

Sasa tuje kwenye mapokeo yetu wenyewe. Ukizungumza na Waislamu kuhusu kuwahoji viongozi, haraka utasikia kisa cha nguo ya Sayyidna Umar (r.a.), jinsi alivyoulizwa mbele ya watu kitambaa cha ziada kimetoka wapi. Kisa hicho kimesimuliwa sana, na mimi nitakiacha, kwa sababu kuna kingine kilicho katika Sahihi ya Bukhari ambacho kinatufaa zaidi na hatukisomi vya kutosha. Ni kisa cha watu wa Kufa na Saad bin Abi Waqqas (r.a.).

Saad alikuwa gavana wa Kufa. Watu wakamlalamikia kwa Umar, na malalamiko yakawa mengi mpaka wakasema hata kuswali haswali vizuri. Mtu huyu ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo! Umar angeweza kuwafukuza walalamikaji. Hakufanya hivyo. Alimwita Saad, akamwita kwa kuniya yake, Abu Is-haq, yaani kwa heshima, akamweleza shutuma kama ilivyo. Saad akaeleza namna anavyoswali: katika Isha anarefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho, kama alivyojifunza kwa Mtume (s.a.w.). Umar akamwambia kwamba ndivyo alivyomdhania. Wengine wangeishia hapo, kiongozi amejibu, tumeridhika. Umar akatuma watu waende naye Kufa waulize msikiti kwa msikiti. Hawakuacha msikiti hata mmoja. Kote wakasifu, mpaka walipofika msikiti wa Banu Abs, akasimama mtu aitwaye Usama bin Qatada akasema kuwa Saad haendi na jeshi, hagawi kwa usawa na hahukumu kwa uadilifu.

Nilipolisomesha hili, ndugu mmoja aliuliza: mbona basi Umar alimwondoa Saad, akamweka Ammar, ikiwa karibu misikiti yote ilimsifu? Sikumjibu siku ile. Nilirudi kwenye vitabu. Umar mwenyewe, alipokuwa anakaribia kufa, alimtaja Saad miongoni mwa sita wa shura, akasema kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa hiana. Kwa hiyo kuulizwa si kutiwa hatiani. Kiongozi anaweza kuhojiwa, akachunguzwa, hata akaondolewa kwa maslahi ya watu, na heshima yake ikabaki kamili. Kwetu hapa mtu akihojiwa tunadhani amekwisha, na ndiyo maana viongozi wanaogopa maswali na waulizaji wanaogopa kuuliza.

Na yule wa Banu Abs? Saad aliomba dua dhidi yake: ikiwa ni mwongo na amesimama ili aonekane na kusikika, basi umri wake urefuke, ufukara wake urefuke, na afikwe na fitna. Na yakamfika, kama ilivyopokewa. Nilipofika hapo nilikumbuka dakika zangu nne. Sikusema uongo siku ile, alhamdulillah. Lakini je, nilisimama kwa ajili ya mkono wa yule dada au ili nisikike? Sina hakika.

Dada mwingine aliuliza kama kumtaja kiongozi kwa upungufu wake si kusengenya. Ni swali la kifiqhi na lina jibu. Imam Nawawi, katika Riyadhu Swalihina, ametaja hali sita ambazo maulamaa wameruhusu kumtaja mtu kwa asichokipenda, na ya kwanza ni mwenye kudhulumiwa anayepeleka malalamiko yake kwa mwenye mamlaka. Ya pili ni kutafuta msaada wa kuondoa ovu. Ruhusa hiyo ina mipaka yake: inakwenda kwa anayeweza kurekebisha, na kwa kiasi cha haja. Kumsema gitifu kwenye kundi la WhatsApp la hosteli saa tano usiku, ambako hakuna hata mmoja anayeweza kuwasha taa, hiyo ni ghiba iliyovaa kanzu ya harakati.

Tuliporudi kwenye swali lenyewe, tulichukua kalamu. Kwanza tuliandika kama nilivyokuwa nimesema mimi: kwa nini njia zetu hazina taa na vijana hawasikilizwi? Kisha tukatoka nje, watu watano, baada ya Isha, tukatembea kutoka kituo cha basi mpaka hosteli tukihesabu nguzo. Tukarudi tukaandika upya: "Kati ya kituo cha basi na hosteli kuna nguzo kumi na moja, nne zina taa zinazowaka. Tunaomba mjumbe wetu wa Njyanama ya Umurenge atuulizie, je, njia hii imo katika mpango wa taa wa Jiji kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, na kama haimo, ombi lipelekwe kwa nani?" Swali la kwanza lingejibiwa kwa nasaha juu ya uvumilivu. La pili lina "nani", lina "nini", lina tarehe, na lina mlango wa kutokea hata jibu likiwa hapana.

Mengine ni adabu tu. Shikilia jambo moja kwa swali moja, na mtaro usubiri zamu yake. Msalimie na umwite kwa cheo chake. Andika na ubaki na nakala. Usimwache mjumbe wako akaenda mikono mitupu, maana na yeye anakwenda kuulizwa. Na usikae chini kabla ya swali la nyongeza.

Jumanne iliyopita tulilipeleka. Aliyesoma ni yule dada aliyeuliza kuhusu ghiba, kwa Kinyarwanda kizuri kuliko changu. Mjumbe akasema ameliandika na atalifikisha. Dada akauliza nyongeza yake, kwa sauti ya chini: tukutane lini kupata jibu? Mjumbe akafungua daftari, akataja Jumanne ya wiki mbili mbele. Siku hiyo imeangukia katikati ya mitihani, kwa hiyo watakwenda ndugu wawili wasio na karatasi alasiri ile, na wamekwisha kupewa nakala.