Noti Ndogo na Sarafu Kubwa: Je, Yafaa Shilingi 50 Iwe ya Chuma?

Katika soko la Kibuye mjini Kisumu, na katika kila ufuo wa Ziwa Viktoria unaopakuliwa samaki, fedha ipitayo mikononi mwa watu mara nyingi kuliko nyingine ni fedha ndogo. Mama anunuaye omena kwa kopo, abiria wa bodaboda, na mtoto aliyetumwa dukani kuleta sukari, hao wote hawana haja na noti kubwa. Noti iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya sasa ni ya Sh. 50. Sarafu kubwa itumikayo kila siku ni ya Sh. 20; ile ya Sh. 40, iliyotolewa mwaka 2003 kuwa ukumbusho wa miaka 40 ya Uhuru, huonekana kwa nadra.

Swali lililo mbele ya msomaji ni hili: je, yafaa noti hiyo ya Sh. 50 iondolewe, na mahali pake pawekwe sarafu? Watu wengi hudhani ya kuwa mambo ya namna hii ni ya wakubwa wa benki peke yao. Sivyo. Mwenye mali nyingi huweka fedha zake benki, naye hajali ikiwa ni karatasi au chuma. Lakini mchuuzi ambaye mtaji wake wote ni noti chache zilizofungwa katika pindo la leso, yeye ndiye atakayepata faida au hasara ya badiliko hilo.

KARATASI NA MAJI

Noti za Kenya hutengenezwa kwa karatasi ya pamba. Karatasi hiyo ni imara kuliko ya gazeti, lakini ina maadui wake, na kando ya Ziwa maadui hao ni wengi: maji, jasho, mafuta ya samaki, panya na mchwa. Huko Dunga, au Usenge, au Mbita, auzaye samaki hupokea fedha kwa mkono uliolowa, na kurudisha chenji kwa mkono uo huo. Noti kubwa hupita katika mikono hiyo mara moja, kisha hupelekwa benki au hufichwa. Noti ndogo haipumziki. Asubuhi imenunua ngege, adhuhuri imelipa nauli, jioni imenunua mafuta ya taa, na kesho yake imerudi ufuoni. Hivyo noti yenye thamani ndogo ndiyo ichakaayo upesi, na gharama ya kuichapa upya haipungui kwa kadiri thamani yake inavyopungua.

Sarafu haijali maji. Sarafu ya Sh. 20 ilianza kutumika mwaka 1998, ikiwa na sura ya Rais Moi, nayo bado hupokelewa madukani, ijapokuwa mwezi wa Desemba 2018 zilitolewa sarafu mpya zenye wanyama: twiga kwa Sh. 1, kifaru kwa Sh. 5, simba kwa Sh. 10, na ndovu kwa Sh. 20. (Wanyama hao waliingia kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 yakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa katika fedha ya nchi.) Kwa haki, neno moja lisemwe kwa ajili ya noti: ikianguka ziwani huelea kitambo, na mwenye mkono mwepesi huiokota, sarafu ikianguka huwa mali ya kamongo.

HASARA NI YA NANI?

Noti iliyoraruka hukataliwa na makanga wa matatu, hukataliwa na mwenye duka, hatimaye hubaki kwa mtu asiyeweza kumkatalia mwenzake, au kwa aliyeipokea gizani. Kwa kanuni, mtu huyo aweza kuipeleka benki akabadilishiwa. Benki Kuu yenyewe ina ofisi mjini Kisumu. Lakini mkaaji wa kisiwa cha Mfangano apaswa kupanda mashua hadi Mbita kabla hajaanza safari ya mjini, na nauli ya kwenda na kurudi huzidi thamani ya noti anayotaka kuiokoa. Kwa hiyo haendi. Shilingi 50 zake hupotea bila mwizi kuonekana. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote katika kuitetea sarafu, wala si ile ya kupunguza gharama za uchapaji, ambayo ndiyo isemwayo zaidi.

FEDHA ZILIZOTANGULIA

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, fedha iliyotumika ilikuwa rupia ya India, sarafu ya fedha halisi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza rupia moja ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Baada ya vita bei ya madini ya fedha ilipanda, na rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920 Serikali ya Uingereza iliifungia thamani ya shilingi mbili, ikaleta florini mahali pa rupia. Na mwaka uliofuata florini nayo ikaondoka, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Fedha tatu katika muda usiozidi miaka miwili! Baraza la Fedha la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1919 na kukaa London, lilitoa hata noti za rupia moja na za florini moja.

Msomaji na apige hesabu ya kodi. Mwaka 1920 kodi ya kichwa na ya nyumba ilipandishwa ikafika rupia 8. Kwa thamani ya zamani, rupia 8 zilikuwa shilingi 10 na peni 8; kwa thamani mpya zilikuwa shilingi 16. Mwaka 1921 mishahara ya Waafrika ilipunguzwa kwa theluthi moja. Tarehe 23 Desemba mwaka huo watu wa Nyanza walikusanyika Lundha, katika nchi ya Gem, na kodi ilikuwa mojawapo ya malalamiko waliyoyatoa; baadaye ilishushwa ikawa shilingi 12. Haikuwa kosa la sarafu wala la noti. Lakini tangu siku zile wazee wa pande za Ziwa walikuwa na sababu ya kuuliza, kila fedha ibadilishwapo, ni nani atakayelipa tofauti.

Sarafu ndogo za shilingi hiyo mpya, yaani senti 1, senti 5 na senti 10, zilikuwa na tundu katikati. Zilitungwa katika uzi kama shanga, na kipofu aliweza kuzitambua kwa kidole. Fedha bora kwa matumizi ya soko haijapatikana tangu hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mambo yaligeuka, ikatolewa noti ya shilingi moja, yenye tarehe ya 1 Januari 1943. Baada ya vita shilingi ikabaki kuwa sarafu.

Benki Kuu ya Kenya ilipotoa fedha zake za kwanza mwezi wa Septemba 1966, noti ndogo kuliko zote ilikuwa ya Sh. 5. Mwaka 1985 ikaja sarafu ya Sh. 5 yenye pembe saba, mwaka 1994 ya Sh. 10, mwaka 1998 ya Sh. 20, na kila mara noti yake ilitoweka. Hapo wako wasemao: "Noti ikigeuka chuma, basi imekufa." Wanaona kweli, lakini wanaiona kwa nyuma. Si sarafu iliyoishusha thamani ya Sh. 20, bei za vitu zilikwisha kuishusha, na sarafu ikafuata. Sh. 50 ya leo haikutani tena na vitu ilivyokutana navyo mwaka 1998, iwe ya karatasi au ya chuma.

JIRANI WAMEFANYAJE?

Mfano wa karibu uko Tanzania. Mwezi wa Oktoba 2014 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu ya Sh. 500, yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, kwa kuwa noti ya Sh. 500 ilipita mikononi mno na kuchakaa upesi. Noti haikufutwa siku ile. Iliachwa itumike pamoja na sarafu, ikawa inapungua kidogo kidogo. Mwisho wake rasmi ulikuja mwaka 2025, noti hizo pamoja na nyingine za zamani zilipobadilishwa kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili. Uganda ilitoa sarafu ya Sh. 1,000 mwaka 2012, ilipotimiza miaka 50 ya Uhuru, lakini noti ya Sh. 1,000 iliendelea kuchapwa, na avukaye mpaka wa Busia ataipokea kila siku.

Nchi za mbali zafundisha jambo hilo hilo. Kanada ilileta sarafu ya dola moja mwaka 1987, ikaacha kutoa noti yake, na watu wakazoea. Uingereza ilileta sarafu ya pauni moja mwaka 1983, ikaiondoa noti mwaka 1988. Marekani ilijaribu sarafu ya dola mwaka 1979, ikajaribu tena mwaka 2000, lakini noti ya dola iliachwa mahali pake, na watu wakaipenda karatasi waliyoizoea. Tena sarafu ile ya 1979 ilifanana mno na sarafu ya robo dola. Mtu hawezi kuachishwa noti kwa kuonyeshwa sarafu tu. Na sarafu isiyotambulika kwa kugusa haifai, hasa kwa wavuvi wa omena, ambao kazi yao ni ya usiku usio na mwezi, na ambao mauzo yao huanza kabla jua halijachomoza.

UZITO WAKE

Ichukuliwe, kwa mfano, sarafu yenye uzito wa gramu 9. Mwenye mauzo ya Sh. 2,000 kwa sarafu za Sh. 50 atabeba sarafu 40, yaani gramu 360, zaidi ya theluthi moja ya kilo. Makanga ataona taabu, na mfuko wa suruali utatoboka. Wala sarafu haina kinga kamili dhidi ya waghushi: Uingereza ililazimika mwaka 2017 kuibadilisha pauni yake ya mviringo kwa nyingine yenye pembe 12, kwa kuwa za bandia zilizidi. Wengine watasema kwamba tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007 fedha ya mkononi haina haja. Hilo ni kweli kwa mnunuzi wa mbuta kwa kilo. Lakini simu huzimika, na mtoto wa miaka saba hatumwi dukani na simu ya babake. Upungufu wa chenji ungali upo, na wanunuzi bado hupewa peremende badala ya shilingi zao.

Kwa hiyo sarafu ya Sh. 50 yafaa, ikiwa itakuwa nyepesi kwa kadiri iwezekanavyo, yenye umbo lisilofanana na ya Sh. 20, na ikiwa noti itaondolewa kweli. Lililobaki ni muda. Noti ya zamani ya Sh. 1,000 ilipewa miezi minne mwaka 2019, toka tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, kwa sababu walengwa walikuwa waghushi na waliorundika fedha haramu. Noti ya Sh. 50 hairundikwi na watu wa namna hiyo. Imo katika chungu cha bibi kizee wa Rusinga, na ndani ya kopo lililofukiwa karibu na jiko huko Muhuru. Watu hao wahitaji miaka, si miezi. Nao wahitaji gari la benki lifike ufuoni siku ya soko, mwenye noti 3 abadilishiwe sawa na mwenye 300, na tangazo lisomwe katika baraza la chifu kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, kabla tarehe ya mwisho haijawekwa.