Chakula bora na chakula chenye kalori chache si kitu kimoja

Leo naacha kidogo mpunga na kokoa tuongelee chungu cha nyumbani, kwa sababu kuna kosa nililifanya mwenyewe.

Kwenye kikao cha akina mama upande wa Ipinda niliongelea presha na kisukari. Nikasema, "Punguzeni mafuta, karanga na parachichi zinanenepesha, kuleni mboga kwa wingi." Nikaona nimefundisha. Miezi miwili baadaye mama mmoja akaniita: "Bwana shamba, njoo uone kadi." Mtoto wake wa mwaka mmoja na kitu, mstari wa uzito ulikuwa umelala, halafu ukashuka. Na hapo nyumbani mawese yapo, ndizi zinaiva mpaka zinaanguka. Alikuwa ameondoa mafuta kwenye chungu cha wote, kwa sababu mimi ndo niliyesema.

Sasa hapa wengi tunachanganya. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, basi. Haikwambii kama kina vitamini, madini au protini. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Ndiyo maana gramu 100 za tango zina kalori kama 15, na za parachichi kama 160. Vyote viwili ni chakula bora. Ile soda isiyo na sukari ina kalori sifuri, lakini inajenga nini mwilini?

Mfugaji ananielewa haraka. Ng'ombe wa maziwa ukimlisha migomba tu, tumbo linajaa maana mgomba ni maji matupu, ila jioni ndoo haijai. Mtoto naye ndo hivyo hivyo, na tumbo lake ni dogo zaidi. Bakuli la uji mwepesi linamshibisha kabla hajapata nguvu ya kukua. Anahitaji chakula kidogo chenye mengi ndani, mara 3 hadi 4 kwa siku akishafika miezi 9, pamoja na kunyonya.

Tusidhani shida hii ni ya mikoa ya njaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi, ikawa juu kabisa.

Turudi kwenye mawese. Ule wekundu ndo unaotengeneza vitamini A mwilini, na hata vitamini A ya mchicha haifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo. (Nyie mnaoyachoma mpaka yanakuwa meupe, vitamini mnaiunguza.) Ila karibu nusu yake ni mafuta ya aina isiyofaa kwa moyo yakizidi. Mtu mzima mwenye presha au anayepunguza mwili apime kwa kijiko, asimimine na chupa. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120.

Yule mama tulikubaliana hivi. Chungu ni kimoja, mboga inachemshwa bila mafuta. Yeye anapakua yake na kutia tone tu. Ya mtoto inatiwa kijiko kidogo cha mawese, na parachichi la kupondwa likipatikana. Uji unakuwa mzito, wenye karanga zilizosagwa na unga wa usipa mkavu. Usipa usagwe mzima na mifupa yake, maana humo ndo kuna kalisi. Chagua ulioanikwa kwenye chanja, wa mchangani utamsagia mtoto mchanga wa ziwa.

Na kadi ameshapelekwa nayo kliniki, wamchunguze pia minyoo na malaria, kwa sababu uzito haushuki kwa chakula peke yake. Kikao kijacho cha kikundi ni baada ya kuvuna. Nitaanza kwa kufuta nilichosema.